Mstari mmoja wa kasi haunitoshi

Ripoti ya kupima udongo kwa mawimbi ya uso wa ardhi ikileta mstari mmoja mweusi wa kasi ya mawimbi kwa kina, bila kiwango cha shaka pembeni, mimi naishuku hapohapo.

Kosa huanzia uwanjani. Jiofoni (vihisi vya mtetemo) 24 za 4.5 Hz hupandwa kila mita 2, nyundo ya kilo 8 inagongwa juu ya bamba la chuma mita 5 kutoka jiofoni ya kwanza, basi, watu wanafungasha. Karibu hivyo na nyundo, mawimbi marefu bado hayajakomaa, na kasi yake husomeka ndogo kuliko ilivyo. Gonga mita 5, 10 na 20, kisha hamia ncha ya pili urudie. Kila mahali mapigo matano au zaidi, kila pigo na faili lake. Usiyajumlishe papo hapo. Halafu panga michoro yote ya kasi kwa marudio (mitikisiko kwa sekunde) juu kwa juu. Ikianza kuachana upande wa marudio madogo, kata hapo. Ncha mbili zikipishana kote, udongo wenyewe unabadilika kwa mlalo, na hesabu ya tabaka zilizolala sawasawa haikufai.

Mstari wa jiofoni hizo 24 una mita 46. Kina cha kuaminika ni kama nusu yake, 23. Sasa Vs30, yaani wastani wa kasi ya mawimbi ya mkato (S) katika mita 30 za juu, imetoka wapi? Mita 7 za chini ni za kukisia, labda uongeze vipimo vya mtetemo wa magari, jiofoni zikiwa kwenye duara pana.

Pwani kuna mtego mwingine: jiwe la matumbawe juu ya mchanga laini. Nguvu ya wimbi huhamia moda za juu (namna nyingine za wimbi kutikisika, zenye kasi zaidi), programu ikadhani ni moda ya kwanza, na mchanga ukaonekana mgumu. Maji nayo husahaulika. Udongo laini uliojaa maji una uwiano wa Poisson (jinsi kitu kinavyotanuka kando kikibanwa) karibu 0.49, lakini wengi huacha 0.3 ya programu, ilhali mapigo yaleyale yangeonyesha maji yako wapi: kasi ya mawimbi ya P (ya mgandamizo) hupanda hadi kama mita 1,500 kwa sekunde.

Katika mradi wa InterPACIFIC, wa kulinganisha mbinu za upimaji huu, timu mbalimbali zilichambua data zilezile za Mirandola nchini Italia, na Grenoble na Cadarache nchini Ufaransa. Vs30 zao zilikaribiana. Mipaka ya tabaka ndiyo iliyowatenganisha zaidi. Ukiandika kwamba tabaka gumu linaanza mita 17.4, ile nukta nne umeipata wapi?