Mwalimu Mwanagenzi Anahitaji Chama Leo, Si Siku Atakayopewa Pensheni

Aprili 17, 2024, Jaji Byram Ongaya wa Mahakama ya Ajira na Leba jijini Nairobi aliamua kwamba Tume ya Huduma za Walimu, TSC, haina mamlaka ya kuajiri walimu wanagenzi. Kazi ya tume kikatiba ni kuajiri walimu waliosajiliwa. Kumchukua mtu aliyehitimu, aliye na nambari ya TSC na anayebeba vipindi sawa na wenzake, kisha ukamlipa kama anayejifunza kazi, ni kumnyima haki yake ya leba.

Mwezi uliofuata wanagenzi wa sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9), JSS kama tulivyozoea kuziita, waliweka chaki chini na kumiminika barabarani. Waliouanzisha mgomo ule ni wao wenyewe. Walijipanga kwa simu, kaunti baada ya kaunti, wakichanga nauli kutoka kwa posho ya shilingi 20,000 ambayo baada ya makato hubaki kama 17,000. Tume iliwajibu kwa barua za kuwataka wajieleze. Niliwatazama vijana wale kwenye habari na swali likanikaa rohoni hadi leo: chama chao kiko wapi?

Nina jibu, na halinifurahishi. Kwa muda mrefu mno hawakuwa na chama kwa sababu hawakuwa na mshahara ambao ada ya chama ingekatwa. Huyo ndiye mwalimu anayehitaji kutetewa kuliko wote, naye ndiye tuliyemwacha nje ya mlango mpaka aajiriwe kwa masharti ya kudumu, yaani mpaka hatari yake kubwa iwe imepita.

Nianze na jambo ambalo wengi wanaoandika kuhusu walimu hulipita haraka. Kifungu cha 237 cha Katiba ya 2010 kinaipa TSC kazi ya kusajili walimu, kuwaajiri, kuwapangia shule, kuwapandisha vyeo, kuwahamisha, kuwaadhibu na kuwafuta kazi. Yote hayo chini ya paa moja. Daktari akikosana na mwajiri wake, baraza linalomsajili ni chombo kingine. Mwalimu wa shule ya umma hana pa kukimbilia. Aliyemwajiri ndiye anayemshtaki, ndiye anayesikiza kesi yake, na ndiye anayeweza kuliondoa jina lake kwenye sajili, asifundishe tena mahali popote nchini, hata shule ya kibinafsi.

Ndiyo maana mwakilishi wa chama ana uzito katika kesi ya nidhamu. Mwalimu akisimamishwa kazi kusubiri uamuzi, mara nyingi hupokea nusu mshahara, na kwa baadhi ya makosa hapokei chochote. Anaitwa kikaoni akiwa na deni la sako, karo ya watoto na fedheha ya kijiji kizima. Katibu wa tawi anayejua kanuni, anayejua ushahidi gani ulipaswa kuletwa na siku ngapi zimebaki za kukata rufaa, humkinga asizame. Mwanagenzi hana hata hatua hizo. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja. Hakuna haja ya kumfuta, mwaka ukiisha asiporudishwa amekwisha.

Namfahamu mwalimu mmoja wa JSS, sitamtaja yeye wala shule yake. Alisomea hisabati na fizikia. Alipofika alikabidhiwa pia kilimo, sanaa na somo la dini, kwa sababu walimu wa JSS shuleni hapo walikuwa wachache mno. Sayansi alikuwa akiifundisha kwa kuchora vifaa ubaoni, kwa kuwa maabara haikuwepo. Siku moja alitaka kueleza kwenye kikao cha wazazi kwamba wanafunzi wa Gredi ya 8 hawajagusa kifaa hata kimoja cha majaribio. Akakumbushwa, kwa upole kabisa, ni nani anayetia sahihi fomu ya kuongezewa mkataba. Akanyamaza, nasi wazazi tukaenda nyumbani tukiamini mambo ni shwari.

Mzazi anapaswa kulitia hilo moyoni. Usalama wa ajira ya mwalimu si zawadi ya kumstarehesha. Ndio unaomwezesha kusema kwamba vitabu havijafika, kwamba choo cha wasichana kimejaa, kwamba pesa za ruzuku hazionekani zilikokwenda, na kwamba mtoto fulani ana alama za fimbo mgongoni. Mwalimu anayeogopa Desemba, mwezi ambao mkataba wake unaisha, hatasema hayo.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina ushahidi. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya miaka ya 2000 na Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer ulionyesha kwamba walimu wa mkataba, waliolipwa kama robo ya mshahara wa mwalimu wa serikali, walikosa kazini mara chache kuliko wa kudumu, na wanafunzi wao walifanya vyema zaidi. Wapo wanaousoma utafiti huo na kusema: mnaona, mwalimu akiwa na wasiwasi kidogo anafanya kazi.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Serikali ilipopanua mpango wa aina hiyo na kuajiri maelfu ya walimu wa mkataba nchi nzima mwaka 2010, watafiti wengine walifuatilia. Pale mpango ulipoendeshwa na shirika lisilo la serikali, wanafunzi walipata faida. Pale ulipoendeshwa na serikali yenyewe, faida ile haikuonekana. Mishahara ilichelewa, usimamizi ukalegea. Septemba 2011 walimu wa shule za umma waligoma, na hatima ya wenzao 18,000 wa mkataba ilikuwa miongoni mwa madai. Kwa hiyo tunaposema mkataba mfupi humfanya mwalimu awe na bidii, tuseme pia kwamba unahitaji mwajiri anayelipa kwa wakati na kusimamia kwa karibu. Mwajiri wa namna hiyo kwetu hajaonekana, na mwenye kulipia pengo hilo ni mwalimu.

Na tusidanganyane kwamba uanagenzi ulibuniwa kwa ajili ya ubora wa masomo. Ulibuniwa kwa sababu ya hela. Serikali ilisimamisha kuajiri walimu wapya mwaka 1998, kisha mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo na watoto wakafurika madarasani, kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Tangu hapo tumekuwa tukikimbizana na pengo ambalo halizibiki. Bodi za shule zikaanza kuajiri walimu wa BOM kwa michango ya wazazi, wengine wakilipwa chini ya mfanyakazi wa nyumbani. JSS zilipofunguliwa mwaka 2023 ndani ya shule za msingi, njia ya mkato ikawa wanagenzi. Mwaka mmoja ukaisha, wakaambiwa ni miwili. Kufikia 2024 walikuwa takriban 46,000.

Hatimaye walithibitishwa kazini Januari 2025, baada ya mgomo wa Mei, baada ya bunge kutenga pesa, na baada ya KUPPET, chama cha walimu wa sekondari na vyuo, kuliweka suala lao kwenye madai ya mgomo wa Agosti 2024. Naishukuru KUPPET kwa hilo. Lakini wino wa barua zao haujakauka, takriban nafasi 20,000 nyingine za uanagenzi zikajazwa kwa utaratibu uleule. Yaani kundi moja likapandishwa juu, lingine likashushwa shimoni. Chama kinachosherehekea kundi la kwanza bila kulipigania la pili siku hiyohiyo kimekubali shimo lenyewe.

Wazee wetu wa KNUT, Chama cha Kitaifa cha Walimu, wasingelikubali. Chama kile kilianzishwa mwaka 1957, wakati mwalimu Mwafrika alikuwa chini ya waajiri tofauti tofauti, hapa misheni, pale halmashauri ya wilaya, kila mmoja na masharti yake. Kilio chao kikubwa kilikuwa mwajiri mmoja kwa walimu wote, na TSC ilipoundwa mwaka 1967 ulikuwa ushindi wao. Uchungu wangu uko hapa. Leo katika ukumbi mmoja wa walimu unamkuta wa TSC, mwanagenzi na wa BOM, watatu wenye cheti kimoja na mishahara mitatu. Tumerudi kwenye kile kile walichokikataa, na safari hii vyama vipo vinatazama.

Udhaifu wa vyama nao tuuseme bila kuuficha. Mwaka 2019 KNUT ilivutana na TSC kuhusu miongozo ya kupandisha vyeo, ikaenda kortini, na baada ya uamuzi wa Julai mwaka huo wanachama wake wakakosa nyongeza ambayo wenzao wa KUPPET waliipata. Walimu wakajitoa kwa maelfu. Kutoka wanachama zaidi ya 180,000, miaka miwili baadaye chama kilibaki na chini ya 20,000. Wilson Sossion akajiuzulu ukatibu mkuu Juni 2021 na Collins Oyuu akaingia. Wapo wanaoona kosa lilikuwa la Sossion mtu binafsi. Mimi naona zaidi ya hapo. Mwajiri aligundua kwamba chama kikubwa zaidi cha wafanyakazi nchini kinaweza kukaushwa kwa kufunga bomba la makato ya ada za wanachama, na tangu hapo viongozi wetu wamekuwa wakizungumza kwa sauti ya chini. Makubaliano ya mishahara ya 2025 hadi 2029, ya shilingi bilioni 33.8, yalitiwa sahihi Julai 2025 bila purukushani kubwa. Nyongeza ni nyongeza, naipokea. Mwanagenzi hakuongezewa hata senti kwa makubaliano hayo, kwa kuwa hakuwa na kiti mezani.

Jambo jingine ambalo wazazi huniuliza: je, chama hakiwalindi walimu wanaonajisi wanafunzi? Kipo chama kilichowahi kumsimamia mtu ambaye hakustahili, na hilo ni aibu. Msimamo wangu ni kwamba mwalimu kuwa na mwakilishi kwenye kikao cha nidhamu ni haki yake, lakini chama hakina kazi ya kununua kimya cha familia ya mtoto wala kumtafutia mtuhumiwa uhamisho wa kimyakimya. Waraka wa TSC nambari 3 wa 2010 unamtaka kila mwalimu anayejua au kushuku dhuluma kama hiyo aripoti. Na hapa tena narudi kwa mwanagenzi: mara nyingi yeye ndiye kijana ambaye wasichana wanamwambia siri zao. Atamripoti vipi mwalimu mwandamizi akijua mkataba wake unaisha baada ya wiki sita?

Kwa hiyo ninachokitaka kutoka kwa KNUT na KUPPET si hotuba ya Sikukuu ya Leba. Wafungue daftari la uanachama kwa kila mwalimu aliyesajiliwa na anayefundisha shule ya umma, awe mwanagenzi au wa BOM, kwa ada ndogo anayoilipa mwenyewe kwa simu bila kupitia kwa mwajiri. Wampe haki ya kupiga kura tawini. Wamteue mwanasheria wa kushughulikia mikataba isiyoongezwa. Waache pia kugombania walimu wa JSS kama wavuvi wawili kwenye wavu mmoja, maana kila mwezi unaopotea kwa mabishano ya nani awakilishe nani, kijana fulani anaitwa ofisini peke yake.

Na kutoka kwa serikali, miaka ile ya uanagenzi ihesabiwe. Ihesabiwe katika kupanda cheo, na ihesabiwe katika akiba ya uzeeni, ambako mwajiri huchangia asilimia 15 ya mshahara wa mtumishi wa umma. Walifundisha, walisahihisha, walishika zamu, waliwaandaa watoto wa Gredi ya 9 kwa mtihani wa kwanza wa KJSEA, wa kumaliza sekondari msingi, mwaka 2025. Wale 46,000 wanadai miaka yao ya utumishi, na deni hilo lina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, limeandikwa kwenye mikataba ambayo TSC yenyewe iliitia sahihi.