"Tumeelewa, Mwalimu": Maoni Kuhusu Safu ya Mwisho ya Andalio la Somo

Chini kabisa ya andalio la somo, yaani mpango wa kipindi ambao mwalimu huuandika kabla ya kufundisha, baada ya utangulizi, maarifa mapya, kukazia maarifa na hatua nyingine zote, kuna nafasi ndogo iliyoandikwa "Tathmini ya mwalimu". Kwa miaka mingi niliijaza nafasi hiyo usiku uliotangulia kipindi, pamoja na sehemu nyingine za andalio, ili asubuhi nilikabidhi kwa mwalimu wa taaluma likiwa limekamilika. Niliandika: "Somo limeeleweka kwa wanafunzi wengi." Sentensi hiyo ilihusu somo ambalo nilikuwa bado sijalifundisha, na sikumbuki kama kuna mtu aliyewahi kuniuliza niliwezaje kujua.

Kilichonibadilisha ni kipindi cha mofimu katika Kidato cha Tatu. Nilitoa fasili, wanafunzi wakaiandika na kuirudia kwa pamoja: mofimu ni kipashio kidogo kabisa cha lugha chenye maana. Nilichambua ubaoni mifano minne au mitano, nikauliza kama kuna mwenye swali, darasa zima likajibu, "Tumeelewa, mwalimu!" Nilitoka nimeridhika. Siku mbili baadaye, kwa sababu tu nilikuwa nimechelewa kupata chaki, niliwaambia wafunge madaftari, wachomoe karatasi na kutenga mofimu za neno "anayemlimia". Nilitarajia kuona a-na-ye-m-lim-i-a. Zaidi ya nusu ya karatasi zilikuwa na a-na-ye-m-li-mi-a. Wanafunzi walikuwa wametenga silabi, ilhali fasili ya mofimu bado walikuwa nayo kichwani bila kukosea neno.

Fikra yangu ya kwanza, nakiri, ilikuwa kwamba hawakuwa makini. Jioni nilirudi kwenye andalio nikaitazama mifano yangu, na hapo ndipo nilipoona tatizo lilipotokea. Nilikuwa nimetumia muda mwingi kwenye viambishi awali, a-na-, wa-li-, tu-ta-, ambavyo kila kimoja huwa pia ni silabi moja kamili, kisha nikaupitia mzizi kwa haraka. Mwanafunzi mwenye akili timamu aliyetazama ubao ule alikuwa na haki ya kuhitimisha kwamba kukata mofimu ni kukata silabi, kwa kuwa kanuni hiyo ilifanya kazi karibu kila mahali nilipomwonyesha. Kosa lilikuwa na mantiki, na mantiki hiyo niliijenga mimi. Kipindi kilichofuata nilianza na "anakula" na "nimempa", maneno ambayo mizizi yake ni konsonanti moja tu, -l- na -p-, ambayo haiwezi kuwa silabi peke yake katika maneno hayo. Ubishi uliozuka darasani ulifundisha kuliko maelezo yangu yote ya wiki iliyotangulia.

Hiyo ndiyo maana ya tafakuri ya mwalimu kama ninavyoielewa leo. Mwanafalsafa wa Marekani John Dewey alieleza mwaka 1910 kwamba kufikiri kwa kweli huanzia pale mtu anapokutana na shaka au jambo linalomkwaza. Mwenzake wa Marekani, mtafiti Donald Schön, mwaka 1983, akatofautisha tafakuri ambayo mtaalamu huifanya akiwa katikati ya kazi na ile anayoifanya baada ya kazi kwisha. Naona mara nyingi tunawafundisha walimu tarajali tofauti hiyo bila kuwafundisha walichokisema Dewey, yaani kwamba pasipo na shaka hakuna cha kutafakari. Mwalimu aliyetoka darasani na sauti ya "tumeelewa" masikioni hana shaka yoyote, hata akipewa fomu ya kurasa kumi ajaze. Lazima kwanza apate ushahidi unaomkwaza, na ushahidi huo hupatikana kwenye majibu ambayo mwanafunzi ameyaandika daftari likiwa limefungwa.

Kwa upande wa mwanafunzi, udanganyifu ni huohuo. Msichana anayejiandaa na mtihani wa Kidato cha Nne hukesha akirudia kusoma madaftari yake, na kila anaporudia, maneno yanakuwa mepesi zaidi machoni. Wepesi huo humwambia kwamba anajua, kama sauti ya darasa inavyomwambia mwalimu kwamba amefundisha. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walilipima jambo hili katika utafiti waliouchapisha mwaka 2006. Wanafunzi walisoma kifungu cha habari. Wengine wakakisoma tena, wengine wakaandika wanachokikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojikumbusha bila kutazama walikumbuka asilimia 56, na waliorudia kusoma asilimia 42. Katika jaribio lao la pili, waliosoma tena na tena ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba wangekumbuka, na ndio waliosahau zaidi.

Sioni kwamba jambo hili ni geni kwetu. Mtoto wa chuoni, yaani madrasa, huko pwani hahesabiwi kuwa amehifadhi sura kwa sababu ameifuata kwa kidole mara nyingi. Maalimu humtaka aisome kwa ghaibu, akikwama asahihishwe papo hapo, na kesho yake arudie. Kufanya hivyo huitwa kudurusu. Shuleni tumelichukua neno hilo tukalifanya liwe na maana ya kufungua daftari na kulisoma upya, na nadhani hapo tumepoteza kitu. Tofauti ni kwamba katika masomo ya shule kukumbuka maneno hakutoshi, kama wanafunzi wangu walivyonionyesha kwa fasili yao safi ya mofimu. Kwa hiyo swali la kujipima liwe linalodai kutenda: tenga, eleza kwa nini, toa mfano ambao mwalimu hakuutoa.

Kuhusu muda wa kurudia, mwanasaikolojia wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus aliyejifanyia majaribio mwenyewe akachapisha matokeo mwaka 1885 alionyesha kwamba usahaulifu huja kwa kasi mwanzoni, kisha hupungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa huzaa matunda kuliko yaliyorundikwa siku moja. Azimio la kazi letu, yaani mpango wa kufundisha mada za mwaka mzima, halisaidii sana hapa, kwa sababu mada ikishapita imepita hadi wiki ya marudio kabla ya mtihani. Mimi sikubadilisha azimio. Niliamua tu kwamba dakika 5 za kwanza za kila kipindi ziwe za maswali matatu: moja la kipindi kilichopita, moja la wiki iliyopita, na moja la mwezi uliopita. Hakuna alama zinazorekodiwa, na wanafunzi husahihishana.

Najua jibu la mwalimu mwenzangu mwenye mikondo minne, kila mmoja ukiwa na wanafunzi zaidi ya sitini. Ana haki ya kusema hana muda. Sidai asahihishe karatasi mia mbili na arobaini. Karatasi kumi alizozichomoa bila kuchagua zitamwonyesha kosa linalojirudia, na kosa linalojirudia ndilo lenye faida.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ya muda ni hofu. Nimewahi kuona mwalimu akiandika kwa uaminifu kwamba kipindi chake hakikueleweka, kisha sentensi hiyo ikasomwa kikaoni kama kukiri uzembe. Baada ya siku hiyo hakuna mwalimu katika shule ile aliyeandika tena kitu cha kweli kwenye nafasi ile. Vivyo hivyo, mwanafunzi anayechekwa au kuchapwa kwa jibu baya hujifunza kunyamaza na kuitikia pamoja na wenzake. Wakuu wa shule na wathibiti ubora wanaweza kubadilisha hali hii kwa gharama ndogo, wakiacha kuuliza kama safu imejazwa na badala yake wakauliza, "Ulibadilisha nini kipindi kilichofuata?" Vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), ambavyo lengo lake ni walimu kujifunza kwa pamoja wakiwa kazini, vingekuwa mahali pazuri pa kuleta karatasi hizo kumi na kuzisoma pamoja, bila jina la mwanafunzi na bila kumshtaki mwalimu.

Tuna hata mfano wa kitaifa wa kazi hii. Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zikiwa na sampuli za majibu yaliyoandikwa na watahiniwa wenyewe, mazuri na mabaya, na maelezo ya sababu za kukosa. Nilikuwa nikizisoma nikitafuta maswali yanayoweza kurudi. Siku hizi nachukua jibu bovu moja, naliandika ubaoni, na kuwauliza wanafunzi: huyu aliyeandika hivi alikuwa anafikiri nini? Wao hulijibu swali hilo vizuri kuliko mimi, kwa kuwa baadhi yao walikuwa wakifikiri hivyohivyo dakika chache zilizopita.

Nafasi ile ya tathmini sasa naiacha wazi hadi nikutane na darasa mara ya pili. Wiki iliyopita, chini ya kipindi cha kauli za vitenzi, niliandika hivi: "Wengi wameweza 'pigwa' na 'limwa', wamekwama kwenye 'liwa'. Sikutoa mfano wa kitenzi cha silabi moja. Alhamisi nianze na kula, kunywa na kupa."