Nyuzi za plastiki kwenye zege: zinashika ufa, hazibebi ghorofa

Jamvi, yaani sakafu ya zege ya chini, lilimwagwa saa nne asubuhi, jua limeshakuwa kali na upepo wa kaskazi unavuma moja kwa moja kutoka baharini. Kufika alasiri, kabla zege halijashika sawasawa, nyufa nyembamba kama nywele zilikuwa zimetambaa kona hadi kona. Fundi akanyunyiza maji, akapitisha mwiko, zikafichika. Kesho yake zilionekana palepale. Aliyejenga pwani anaijua hali hii: maji ya juu hukauka upesi kuliko yale ya ndani yanavyopanda, ngozi ya zege inasinyaa, na kwa kuwa bado ni changa, inachanika.

Nimeanza na jamvi kwa sababu ndipo nyuzi za plastiki zinapofanya kazi isiyo na ubishi. Siku hizi wako wanaosema plastiki ndiyo itakayochukua nafasi ya nondo: haishiki kutu, ni nyepesi, na tena itatuondolea takataka. Wengine hawataki hata kusikia plastiki imetajwa karibu na saruji. Mimi naona hoja tatu tofauti zimefungwa kwenye furushi moja: kushika ufa, kubeba mzigo na kumeza takataka.

Zege lina nguvu kubwa likikandamizwa, lakini likivutwa halifiki mbali. Nguvu yake ya kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi ya ile ya kukandamizwa. Waliokanyaga udongo wa tofali na nyasi zilizokatwakatwa walilijua tatizo hilo, na dawa yao ilikuwa ileile: nyuzi. Nyuzi zinazotumika sana leo ni za polipropilini, plastiki ileile inayofumiwa viroba vya unga na sukari. Zile fupi zina urefu wa milimita 12 hivi, na kiwango cha kawaida ni kama gramu 900 kwa mita moja ya ujazo ya zege. Kwa mchanganyiko wa moja-mbili-nne (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), hiyo ni gramu 140 hivi kwa kila mfuko wa saruji wa kilo 50. Ni kidogo, lakini ndani yake mna nyuzi zisizohesabika, na kila ufa unaotaka kuanza unakutana na uzi unaoushika.

Ziko pia nyuzi nene, za sentimita 4 hadi 6. Ukipinda kipande cha zege tupu kwenye mashine ya majaribio kinakatika ghafla, vipande viwili chini. Chenye nyuzi nene kinapata ufa, ila vipande haviachani, na ukichungulia ndani ya ufa unaziona nyuzi zimekazana upande hadi upande kama mshono wa gunia. Hazikuongeza sana uzito ambao kipande kilibeba kabla ya kupasuka. Zilichobadilisha ni namna kinavyovunjika. Kwa sakafu ya ghala au njia ya waenda kwa miguu, mabadiliko hayo yanatosha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha James Cook, Australia, wamefanyia kazi nyuzi za polipropilini iliyorejelezwa ili zichukue nafasi ya wavu wa chuma katika njia za namna hiyo. Nasi tunaoishi karibu na chumvi tuna sababu ya kusikiliza, kwa maana nondo ikishika kutu inavimba na kulibandua zege kwa ndani.

Ila ghorofani siwezi kuwafuata wanaotaka plastiki ichukue nafasi ya nondo. Chuma ni kigumu kuliko polipropilini mara ishirini na zaidi. Nondo inazuia ufa usipanuke, lakini uzi wa plastiki lazima kwanza uvutike sana ndipo ubebe uzito wa maana, na chini ya mzigo wa kudumu unaendelea kurefuka polepole mwaka hadi mwaka. Isitoshe, nondo hulazwa pale hasa boriti inapovutwa. Nyuzi zimetawanyika kila upande, na nyingi zimelala mahali pasipo na kazi. Fundi atakayepunguza nondo za slabu kwa sababu amemwaga nyuzi anahatarisha maisha ya watu, na hili nalisema bila kupunguza neno.

Kuna jambo la saiti ambalo wauzaji hawalitaji sana. Nyuzi hulifanya zege liwe zito kusukumika. Kibarua mwenye chepe akiona halitelezi anaongeza ndoo ya maji, na maji yakizidi, nguvu yote uliyoilipia kwenye saruji inapungua. Ukichanganya kwa chepe, nyuzi nazo zinajikusanya mabonge.

Kwenye moto mambo yanageuka kwa namna inayonivutia sana. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi, na ungedhani hiyo ni kasoro tu. Lakini mwaka 1996 moto uliwaka ndani ya handaki la reli lipitalo chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, na zege imara la kuta zake likapasuka na kumeguka vibaya, kwa sababu zege la namna hiyo limeshikana mno na mvuke ulio ndani unakosa pa kutokea. Nyuzi zikiyeyuka zinaacha vijia, mvuke unapita. Kanuni za ujenzi za Ulaya zinataja kilo 2 za nyuzi hizo kwa mita ya ujazo kuwa njia mojawapo ya kinga kwa zege lenye nguvu kubwa. Mzigo wa paa la handaki, hata hivyo, haukabidhiwi uzi unaoyeyuka.

Na takataka? Piga hesabu. Sakafu ya mita za mraba 100 yenye unene wa sentimita 10 ni mita 10 za ujazo, yaani kilo 9 za nyuzi fupi. Nyumba nzima haimezi plastiki ya kushinda mtaro mmoja ulioziba, na mara nyingi nyuzi zenyewe ni mpya kutoka kiwandani. Kuongeza vipande vya chupa badala ya kokoto ili kumeza zaidi kunadhoofisha zege, maana saruji haing'ang'anii plastiki laini.

Tena chupa za maji ni za plastiki nyingine, PET, ambayo uchungu wa saruji, yaani alkali yake, unaweza kuila taratibu. Katani ilijaribiwa kwenye vigae vya saruji, ikawa ngumu na kukatika kwa uchungu huohuo. Polipropilini haidhuriki nao. Anayetaka kukata chupa awe na nyuzi za kutia kwenye sakafu yake ajaribu kwanza chache: aziloweke kwenye maji ya chokaa miezi kadhaa, kisha azivute aone kama bado zina nguvu.