Bendi ya kopi isiyokuwa na wa kumkopi

Bendi inayotangulia jukwaani mara nyingi hupigia watu wanaotafuta viti na kumalizia mazungumzo yao, na ukumbi ulikuwa katika hali hiyo wakati wanamuziki wanne, wenye magitaa mawili, besi na dramu, walipopanda bila kujitambulisha na kuanza kupiga muziki wa mchezo wa video wa Mega Man 2. Haikuchukua muda mazungumzo yakakatika. Mimi nilikuwa nimelipa kiingilio kwa ajili ya bendi iliyofuata, ambayo ilipiga vizuri tu, lakini hii ya kwanza ndiyo iliyoniachia msimamo ambao baadhi ya rafiki zangu wapenda muziki wanaukataa kabisa: kwamba bendi nzuri ya muziki wa michezo ya video haistahili kuwekwa kapu moja na bendi za kopi.

Bendi ya kopi ina mtu wa kumwiga. Inapopiga wimbo wa bendi nyingine, msikilizaji huupima kwa ule aliouzoea, akiangalia kama mwimbaji anakaribia sauti ya mwenye wimbo na kama solo imefuatwa noti kwa noti. Muziki wa michezo ya miaka ya 1980 hauna mtu huyo. Ulitungwa na binadamu, lakini haukupigwa na binadamu; mtunzi aliuingiza katika mashine kwa njia ya tarakimu na amri, kisha chipu, kile kipande kidogo cha elektroniki ndani ya mashine, ikautoa upya kila mchezo ulipowashwa. Hakuna mpiga besi aliyeingia studio, wala mpiga dramu ambaye mtu anaweza kusema kwamba alipiga kwa ustadi zaidi. Anayeupeleka muziki huo jukwaani analazimika kuamua mwenyewe mambo ambayo katika muziki wa kawaida yalikwisha kuamuliwa na aliyerekodi wa kwanza: wapi pakazwe, wapi palegezwe, nani apumue na lini.

Ili ugumu wa kazi hiyo ueleweke, inafaa kukumbuka watunzi walikuwa na nini mikononi. Mashine ya kuchezea michezo ya video ya Famicom, iliyoingia sokoni nchini Japani mwaka 1983 na baadaye kuuzwa kwingineko kwa jina la NES, ilikuwa na chaneli tano tu za sauti. Mbili zilitoa mawimbi ya mraba, yenye sauti kali ya kupenya, nazo ndizo zilizobeba mahadhi. Ya tatu ilitoa wimbi la pembetatu, lililo laini zaidi, ambalo kwa kawaida lilifanya kazi ya besi. Ya nne ilitoa mvumo kama wa redio iliyokosa stesheni, na mvumo huo ukikatwakatwa ndio uliokuwa dramu. Ya tano iliweza kucheza vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Kana kwamba ufinyu huo hautoshi, milio ya mchezo wenyewe ilipita katika chaneli hizo hizo, kiasi kwamba katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985, kila Mario, mhusika mkuu wa mchezo huo, anaporuka, sauti moja ya muziki wa Koji Kondo hunyamazishwa kwa muda ili mlio wa kuruka usikike. Mtunzi alipaswa kuandika mahadhi yanayoweza kunyang'anywa sauti moja wakati wowote na bado yakaeleweka. Nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya mahadhi yale kukaa kichwani kwa miongo kadhaa, kuliko utoto wetu ambao husingiziwa kila jambo.

Sasa tazama walivyofanya wale wanne. Mtunzi wa enzi hizo aliyetaka mwangwi hakuwa na kifaa cha mwangwi, hivyo aliandika mahadhi yale yale katika chaneli ya pili, yakichelewa kidogo na yakiwa na sauti ya chini. Mpiga gitaa la pili alikuwa na pedali ya mwangwi miguuni pake, taa yake ikiwa imezimwa, na katika kipande kizima alisimama akiyapiga kwa mikono yake yale ambayo mwenzake alikuwa amemaliza kuyapiga muda mfupi kabla, kwa uzito mdogo zaidi. Kazi ya namna hiyo haimpi mtu sifa hata kidogo, maana asiyejua angedhani kwamba anachelewa. Hata hivyo, mwangwi unaopigwa na mtu haulingani kamwe na sauti ya kwanza, na katika tofauti ile ndogo mahadhi yalipata unene ambao kifaa kisingeutoa.

Besi nayo ilinifurahisha kwa sababu inayopingana na desturi. Chaneli ya pembetatu haina namna ya kupandisha wala kushusha nguvu ya sauti. Ama inalia, ama imenyamaza. Mtunzi aliyetaka mkazo aliupata kwa kufupisha noti au kuirefusha. Mpiga besi huyu aliifuata kanuni hiyo kwa uaminifu ambao wapiga besi wengi, waliolelewa kuonesha hisia kwa nguvu ya kidole, wangeuona ni adhabu: kila noti ilitoka kwa uzito ule ule, huku kiganja kikizikata baadhi kabla hazijaisha, na mkazo wote akaachiwa mpiga dramu. Waliigawana kazi kama chipu ilivyoigawa, lakini pale chipu iliposhindwa kwenda walikwenda wao.

Mtihani mkubwa zaidi, na ambao bendi nyingi za aina hii ninazozisikiliza mtandaoni huanguka, ni namna ya kumaliza. Muziki wa mchezo huandikwa ili ujirudie: unafika mwisho wa mzunguko na kuanza tena, mpaka mchezaji apite hatua ile au afe. Hauna mwisho wake wenyewe. Bendi dhaifu hupiga mizunguko miwili, kisha dramu hurindima, gitaa hunguruma na watu hupiga makofi kwa adabu. Hawa walikuwa wamefikiri. Kipande kimoja kilikatwa katikati ya sentensi ya muziki, ghafla kabisa, kama inavyotokea mchezaji anapodondoka shimoni, na waliowahi kudondoka waliangua kicheko. Katika Super Mario Bros., saa ya mchezo inapofikia 100 muziki huongezwa kasi ili kumhimiza mchezaji. Wao waliichukua kanuni hiyo wakaitumia kumalizia muziki wa chini ya maji, ule wenye mapigo matatu, wakiuharakisha kila mzunguko mpaka ukafika mahali ambapo vidole havikuweza kuendelea. Kasi ni sehemu ya lugha ya michezo hii tangu zamani. Katika Space Invaders ya mwaka 1978 noti nne za chini zilizidi kuharakishwa kadiri maadui walivyopungua, na hapakuwa na muziki mwingine zaidi ya huo. Bendi iliyoujua mwendo huo ilipata humo humo namna ya kumaliza, badala ya kuazima ya roki.

Na roki ndiyo lawama yangu kwa tasnia hii. Wengi hudhani kwamba muziki wa mchezo ukishapewa gitaa lenye mkwaruzo na dramu za mbio basi umepangiliwa. Castlevania ya mwaka 1986 inavumilia hayo, na pengine iliyaomba. Lakini si kila kijiji na kila machweo ya mchezo yanahitaji kupigiwa kelele.

Hata bendi hii ninayoisifu ililegea katika sehemu moja, na kulegea kwake kunathibitisha hoja yangu. Walipofika kwenye michezo ya miaka ya karibuni, ambayo muziki wake ulirekodiwa na okestra kamili, magitaa mawili yalisikika kama muhtasari. Tangu diski zilipowezesha sauti iliyorekodiwa kuingia katika michezo, wapiga ala halisi nao waliingia, na pale wapigaji hao wanapokuwapo, bendi inarudi kuwa bendi ya kopi, ikipimwa kwa kile ilichokipunguza. Ningekuwa mshauri wao, ningewaambia waviache vipande hivyo. Muziki wa Tetris ya Game Boy, mashine ndogo ya kushikwa mkononi, ya mwaka 1989 unakaa katikati ya hali hizi mbili kwa namna ya kuchekesha: ni wimbo wa watu wa Urusi, Korobeiniki, uliokuwa ukiimbwa kwa vinywa tangu karne ya 19, ukaingizwa katika chipu, na sasa bendi inautoa humo na kuurudisha kwa watu.

Simaanishi kwamba okestra hazina nafasi. Muziki wa Dragon Quest wa Koichi Sugiyama ulipigwa na okestra jijini Tokyo tangu mwaka 1987, na wasomaji wa Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kujua heshima ambayo muziki huu umeifikia, kwa kuwa utunzi wa kwanza wa mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy, mwaka 2011, ulikuwa Baba Yetu wa Christopher Tin, sala ya Baba Yetu iliyoimbwa kwa Kiswahili kufungulia mchezo wa Civilization IV. Mwaka 2022 bendi kubwa ya jazi iitwayo The 8-Bit Big Band nayo ilipata Grammy kwa kupangilia upya muziki wa mchezo wa Kirby. Ila kwa muziki wa Famicom mimi nitachagua watu wanne kuliko watu themanini. Vinanda vya nyuzi vikijaa, mifupa ya utunzi hufunikwa, na mifupa ndiyo mtunzi aliyokuwa nayo.

Jambo la mwisho lililonivutia halikuwa muziki. Mpiga gitaa la kwanza hakusema lolote baina ya vipande isipokuwa jina la mtunzi. Hilo si dogo, kwa kuwa kampuni kadhaa za miaka ile ziliwaficha watungaji wake nyuma ya majina ya bandia: mwishoni mwa Castlevania, muziki wa Kinuyo Yamashita umeandikwa kuwa ni wa mtu aitwaye James Banana, na Takashi Tateishi anaonekana katika Mega Man 2 kwa jina la Ogeretsu Kun. Kusikia majina halisi yakitajwa kwa kipaza sauti, mbele ya watu ambao wengi wao waliujua muziki huo tangu utotoni bila kujua ni wa nani, kulitosha kwa hotuba.

Kipande ambacho hawakukigusa, na ambacho ningependa wakiandae, ni muziki wa Silver Surfer ya mwaka 1990, uliotungwa na ndugu wawili, Tim na Geoff Follin, kwa chaneli zile zile tano. Noti zake zinakimbizana kwa kasi ambayo chipu haioni taabu kuifuata. Nina shaka kama vidole vinaiweza, na kwa sababu hiyo hasa ningelipa kiingilio tena, safari hii kwa ajili ya bendi inayotangulia.