Koikoi na chupa ya plastiki: tuediti mpaka wapi?

Wapiga picha wa ndege hapa Nairobi wakikutana lazima stori iishie kwa kuediti, na siku hizi moto umezidi manake tangu 2023 Photoshop unaiandikia tu unachotaka na kitu kinatoka ama kinaingia kwa picha. Kuna wanaosema ndege wa porini aachwe vile alivyotoka kwa kamera, na kuna wanaosema aah, kamera yenyewe ni mwongo, wacha turudishe kile macho yaliona.

Hawa wa pili wana pointi. Chukua yangeyange pale mabwawa ya majitaka ya Ruai, jua limeshapanda. Maji nyuma yake ni meusi, kamera inapima hiyo giza, inaongeza mwanga, na ndege anatoka kama shuka iliyolowekwa Jik, manyoya yote yamemezwa na weupe na hakuna programu ya kuyarudisha. Kwa hivyo mjanja anapunguza mwanga makusudi, picha inatoka na giza, halafu akifika nyumbani anainua vivuli, yaani anaangaza zile sehemu za giza, polepole mpaka ile miguu myeusi ionekane, na vile vidole vya njano. Hapo amedanganya nani? Vile vidole ndivyo vinakuambia huyu ni yangeyange gani, kwa sababu ndege weupe wa hivyo wako kadhaa. Na yule anayejigamba ati yake haijaguswa, JPEG yake, ile picha kamera inakutolea ikiwa tayari, imeshaeditiwa ndani ya kamera, rangi na ukali vilipangwa kiwandani kabla hajainunua.

Shida inaanza kwa rangi. Heroe wa Kenya ni aina mbili, mdogo ana waridi iliyokolea na mdomo wa giza, mkubwa amepauka, na makinda ni kijivu kwa sababu waridi inatokana na chakula cha maziwa ya magadi. Ukivuta rangi mpaka mwisho wote wanafanana na habari imekufa. Kukopi heroe ili kundi lijae ndiyo mbaya zaidi. Maji ya Nakuru yalipanda miaka ya 2010, chumvi ikapungua, heroe wengi wakahama, sasa wewe ukijaza ziwa kwa kompyuta unatuambia mambo ni shwari.

Halafu kuna takataka, na hapa ndipo mimi huwa mkali. Koikoi amesimama Nairobi Dam kwa magugu maji, kando yake chupa ya plastiki, unaifuta. Utaniambia mteja anataka picha ya ukuta wa hoteli na hawezi lipia uchafu, na ni kweli, hayo ni mapambo, futa. Lakini picha haikai ukutani siku hizi, inapigwa skrinishoti, inasambaa bila maelezo, kesho mtu anaiweka kwa posti ya kusifu vile bwawa limepona. Ukifuta jani lililopita mbele ya mdomo sitakusumbua. Chupa ni sehemu ya maisha ya huyo ndege, ikae, ama uandike wazi umeitoa.

Ingawa nikisema ukweli, tunabishana sana juu ya pikseli na kusahau kilichofanyika kabla ya kubonyeza. Kule Naivasha mwenye boti anapiga mluzi, anarusha samaki aliyetiwa kijiti cha mafunjo ili aelee, furukombe anashuka, kamera zinalia trrr, kila mtu amepata picha ya mwaka. Faili ni safi kabisa, hakuna kilichoguswa! Mshindi wa Wildlife Photographer of the Year ya 2009 alinyang'anywa tuzo 2010, na kosa halikuwa kuediti, waamuzi waliona mbwa mwitu wake (wolf) huenda amefugwa, yeye akakana. Sasa kati ya huyo wa samaki na huyo wa vivuli, nani ametudanganya zaidi? Mimi nasema wa samaki, kama hajasema.

Chengachenga, zile punjepunje za picha ya mwanga hafifu, ndiyo bado inanisumbua. Asubuhi na mapema ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) iko juu, picha imejaa chenga, zile programu za akili mnemba zinasafisha vizuri ajabu, lakini mahali manyoya hayakuonekana vizuri zinakisia, zinachora. Kwa Instagram sawa tu. Ukiituma kama ushahidi wa ndege adimu, tuma ile yenye chenga.