Mpimeni baba yangu, msimgongee mhuri tu

Jumatatu nilimsindikiza baba kupata cheti cha daktari ili ahuishe leseni ya udereva. Ana miaka 71. Aliingia, na nadhani hata dakika tano hazikutimia. Aliulizwa jina, akaulizwa kama ana tatizo lolote, akajibu, "Mzima kabisa, mwanangu." Mhuri ukagongwa. Ubao wa herufi za kupimia macho ulikuwepo chumbani, ila ulikuwa nyuma ya mlango, na mlango uliachwa wazi ukaufunika. Hakuna aliyeusogeza.

Baba alitoka amefurahi. Mimi roho iliniuma, kwa sababu wiki mbili nyuma alinusurika kuua mtu mbele ya macho yangu.

Tulikuwa tunatoka Mpunguzi na kreti za zabibu, jua linazama, yeye kashika usukani. Bodaboda ikaingia barabarani kutoka kushoto, kwenye njia ya vumbi. Niliiona tangu ikiwa mbali. Nikasubiri apunguze mwendo, hapunguzi. Nilipiga kelele ndipo akakanyaga breki. Kreti mbili zikamwagika huko nyuma. Kijana wa boda alisimama akatutazama tu, mkono kifuani. Baba akasema, "Hawa vijana wanaibuka kama sungura." Yule kijana hakuibuka. Alikuwepo muda wote.

Alhamisi nikampeleka kwenye kliniki ya macho. Wakamkalisha mbele ya mashine, kidevu juu ya kibao, wakamwambia abonyeze kitufe kila aonapo nukta ya mwanga. Nilisimama karibu na mhudumu, naiona skrini yake. Nukta za kushoto zinawaka, zinazima. Zinawaka tena. Baba habonyezi. Ametulia kabisa, anasubiri, anaamini bado hakijaanza kitu.

Ni presha ya macho. Ugonjwa huu mara nyingi huja bila maumivu wala wekundu. Unakula pembeni kwanza na kuacha katikati, ndiyo maana mgonjwa anasoma Biblia yake vizuri na kukuambia anaona. Hata ule ubao ungetolewa nyuma ya mlango, baba angesoma hadi mistari ya chini na kufaulu! Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Herufi zinapima katikati ya jicho, na barabarani mtoto, mbuzi na bodaboda hutokea pembeni. Kilichopotea kwa ugonjwa huu hakirudi. Dawa inazuia kisizidi kupotea.

Na kuna kipimo kisichohitaji mashine. Unakaa mbele ya mtu, unamwambia atazame pua yako, unafumba jicho lake moja moja, kisha unachezesha vidole pembeni na kumwuliza anaona vingapi. Hakitamnasa aliye mwanzoni mwa ugonjwa, lakini baba yangu kingemnasa. Mwenye mhuri alikuwa na vidole kumi.

Sisi wa huku Dodoma si wageni wa habari za macho. Watafiti wa trakoma, ugonjwa wa macho unaopindisha kope kwa ndani, wamekuwa wakija Kongwa tangu miaka ya 1980, na bibi yangu nimemwona kwa macho yangu aking'olewa kope kwa kibanio kwa sababu zilikuwa zinakwaruza mboni. Watu waliolelewa na bibi wa namna hiyo hatupaswi kuridhika na mhuri.

Najua wapo watakaosema basi wazee wanyang'anywe leseni, iwekwe miaka 65 yaishe. Sikubali. Uingereza dereva akifika miaka 70 anahuisha kila baada ya miaka 3, na Japani kuanzia 75 hupimwa kumbukumbu. Umri wenyewe haumnyimi mtu leseni. Kijana wa miaka 30 mwenye kisukari, sukari ikishuka akiwa na abiria kwenye milima ya Gairo, anaanza kutetemeka na akili kuvurugika. Huyo naye apimwe. Kweli, magonjwa ya macho huongezeka na umri, na leseni ya miaka 5 ni ndefu mno kwa mtu wa 71. Hapo nakubali, ingawa najua baba atanikasirikia.

Dereva wa basi anayeficha kifafa au kisukari simlaumu haraka. Anajua akisema leo, kesho watoto hawana ada. Waajiri wampe kazi nyingine gereji au stoo, ndipo mtaambiwa ukweli.

Ila lile la macho halihitaji hata kuungama. Baba hakudanganya aliposema mzima. Hakujua. Kazi ya kujua ilikuwa ya yule aliyeshika mhuri.

Leseni itatoka, karatasi zote zimekamilika. Funguo za gari ninazo mimi. Jioni namdondoshea baba dawa machoni, anakaa kimya amefumba, halafu ananiuliza zabibu za Mpunguzi nani atazibeba.