Pointi za wema kwenye msimamo wa ligi

Mwaka 2000 wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Israeli kwa wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kukusanya michango ya hisani. Kundi la kwanza lilielezwa tu umuhimu wa kazi ile. La pili liliahidiwa asilimia 1 ya kiasi ambacho lingekusanya, na la tatu asilimia 10, na malipo hayo hayakukatwa kwenye michango. Waliokusanya zaidi ni wale ambao hawakuahidiwa kitu. Walioshika mkia ni wale wa asilimia 1.

Matokeo hayo yananirudia kichwani kila ninaposikia mpango wa kuwafundisha vijana ukarimu kupitia michezo. Mpango wenyewe kwa kawaida huwa hivi: mchezaji anayefika siku ya usafi anapewa pointi, timu iliyochangisha fedha nyingi zaidi inapewa kikombe, na mwisho wa msimu kunakuwa na picha ya pamoja. Nia ni njema, sina shaka. Ninachohofia ni kwamba kikombe hicho huweza kumnyang'anya kijana kilekile tulichotaka akipate.

Hata hivyo, wanaoutetea mpango huu wana hoja nzito. Mwite kijana wa miaka 13 aje Jumamosi asubuhi kusikiliza mawaidha juu ya kusaidia wengine, huenda usimwone. Mwambie kuna mechi, utamkuta uwanjani kabla yako. Timu tayari ina vitu ambavyo mashirika ya hisani huvihangaikia miaka nenda rudi: ratiba inayoheshimiwa, kocha anayesikilizwa kuliko mzazi, na wenzake ambao kijana hayuko tayari kuwaangusha. Anayebeba mipira na koni baada ya mazoezi bila kulalamika ameshajifunza nusu ya kujitolea. Kuupeleka moyo huo nje ya uwanja ni hatua fupi tu.

Hatua hiyo imeshapigwa, na imedumu. Mathare Youth Sports Association, maarufu kama MYSA, ilianzishwa mwaka 1987 katika mtaa wa mabanda wa Mathare jijini Nairobi. Katika ligi zake timu hupata pointi kwa kusafisha mtaa, na pointi hizo huingia kwenye msimamo pamoja na za mechi. Unaweza kushinda sana uwanjani ukakosa ubingwa kwa sababu hukushika koleo. Mwaka 1992 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira liliipa MYSA tuzo ya Global 500. Na kwa wanaodai kwamba shughuli za aina hii huwatoa wachezaji kwenye mpira: Mathare United, klabu iliyozaliwa humo, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2008.

Mbona basi pointi hizi hazikuuzima moyo wa vijana wale, kama asilimia 1 ilivyowafanyia wakusanya michango? Ninavyoona mimi, sababu kubwa ni kwamba uchafu ule ni wao. Mtaro unaozibuliwa ndio unaofurika mlangoni kwao mvua ikinyesha, kwa hiyo faida wanaiona kwa macho hata pointi zisipoandikwa. Tena pointi ni za timu nzima, hakuna anayejikusanyia wema wake peke yake. Na vijana wenyewe wana sauti kubwa katika kuendesha chama hicho, jambo ambalo wengi wanaokiiga hulisahau. Wanachukua pointi, wanaacha uongozi.

Sasa upande wa pili. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake nchini Marekani waliwachagua watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti kabla ya kuchora walirudi baadaye wakiwa na hamu ndogo ya kuchora kuliko mwanzo. Waliopewa cheti kilekile bila kutarajia hawakupungukiwa na hamu. Sidai kwamba kuchora na kufagia ni jambo moja, lakini kocha yeyote anaweza kuchukua hapa kitu cha kutumia kesho asubuhi: shukrani ije baada ya kazi, isitangulie kama bei.

Kinachonisumbua zaidi ya yote ni mashindano ya kuchangisha fedha. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini orodha ya nani amechangisha kiasi gani, ikishabandikwa ukutani, inasoma utajiri wa wazazi, basi. Mtoto ambaye ndugu zake wote hawana kitu atashika mkia hata akipita milango mia. Anayejifunza aibu hapo hajafundishwa ukarimu, na aliyeshika nafasi ya kwanza naye hajafundishwa, maana alichofanya ni kumpigia baba simu. Mtindo huu ningeufuta kabisa katika timu za watoto.

Halafu kuna wanaopokea. Timu inafika kituo cha kulea watoto na jezi zinazong'aa, inakabidhi mipira miwili, inapiga picha na kuondoka. Mtoto wa kituo aliyesimamishwa kwenye mstari ni rika la wale wanaomkabidhi. Kwa nini asiingie uwanjani wacheze wote, wachanganywe timu, wachoke pamoja?

Si kwamba fedha na michezo haviwezi kukaa pamoja. Mwaka 1980 Terry Fox, kijana wa Kanada aliyependa mpira wa kikapu na aliyekatwa mguu kwa sababu ya saratani, alikimbia kwa mguu wa bandia siku 143, zaidi ya kilomita 5,000, akiomba fedha za utafiti wa ugonjwa huo. Alifariki mwaka uliofuata akiwa na umri wa miaka 22. Mbio zinazofanyika kwa jina lake tangu 1981 hazina kiingilio wala mashindano. Kila mtu hutoa alichonacho na kukimbia, au kutembea, awezavyo.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kuunganisha michezo na ukarimu, kwa sharti ambalo makocha wengi hawatalipenda: kazi ichaguliwe na wachezaji, hata kama watachagua kitu kidogo kisichopendeza kwenye picha. Kumsindikiza mzee asiyeona hadi kliniki kila mwezi, kwa mfano. Na kocha anayetaka kujua kama imewaingia asihesabu mahudhurio ya msimu. Aangalie nani anakwenda kwa yule mzee ligi ikishafungwa, wakati hakuna wa kuandika pointi.